Daftari la Insha na Wasomaji Wake

Daftari la insha ya Kiingereza katika shule zetu za Uganda lina wasomaji wengi kuliko mwenye daftari anavyodhani. Kuna mkuu wa masomo, ambaye shule nzima inamwita DOS, anayepita katikati ya muhula kuangalia kama kazi zimesahihishwa. Kuna mkaguzi wa wilaya, ambaye akija huja bila hodi. Kuna mzazi, anayelifungua jioni kwa taa ya sola na kutafuta wino mwekundu, maana kwake huo ndio ushahidi kwamba mwalimu hakulala. Mwanafunzi huja nyuma ya hao wote. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka kadhaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na kadiri ninavyozidi kukaa kwenye kazi hii ndivyo ninavyoona kwamba masahihisho mengi tunayoandika hatumwandikii yeye.

Kiingereza na mimi tulikutana ukubwani. Nilisomea Bukavu, upande wa Kivu Kusini nchini Kongo. Madarasa ya kwanza tulifundishwa kwa Kiswahili, halafu Kifaransa kikaingia na imla zake. Katika imla kila kosa lilikata alama, na kwa kuwa mwalimu wetu hakuona sababu ya kuishia sifuri, mtoto aliweza kutoka darasani akiwa na deni. Nilipoingia Uganda cheti changu cha ualimu kilihitaji kwanza kulinganishwa na vyeti vya hapa, jambo linalochukua muda na pesa, kwa hiyo nilianza kama wengi wetu wanavyoanza: msaidizi wa mwalimu. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, wewe umesimama pembeni unawafasiria kwa Kiswahili watoto waliofika mwezi uliopita kutoka Rutshuru au Uvira, wasiojua hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha ya shule.

Msaidizi ndiye pia anayerudisha madaftari. Kazi hiyo watu huidharau, lakini mimi ilinifundisha ualimu kuliko kozi zote, kwa sababu unaziona nyuso. Mtoto anapokea daftari, anafungua ukurasa wa mwisho, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye ile sehemu ya chini iliyozungushiwa duara: 4 kwa 10, 7 kwa 10. Anachungulia ya jirani. Anafunga. Ile sentensi ambayo mwalimu ameiandika pembeni saa nne za usiku macho yakimuuma haijasomwa na mtu yeyote.

Baadaye, nilipokuwa nasoma stashahada yangu kwa masomo ya likizo mjini Mbarara, nilikuta kwamba jambo hili limeshapimwa. Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, alichapisha mwaka 1988 matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wa shule: wengine walipewa alama tupu, wengine maoni tupu, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tupu ndio waliosonga mbele. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwapita sana wale wa alama tupu. Alama iliyameza maoni. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, nikakumbuka safu za madawati ya P6, darasa la sita la msingi.

Katika darasa hilo la P6 kulikuwa na kijana mmoja aliyeandika insha ndefu juu ya mjomba wake, mchuuzi wa mkaa. Kila wiki mjomba alifunga magunia kwenye baiskeli huko Juru, upande mmoja wa makazi yetu, akayashusha hadi Base Camp, palipo na wateja. Siku moja mvua iliwakuta njiani, tairi likapasuka kwenye mteremko, na mkaa ukilowa hauuziki. Mjomba akavua shati lake akafunika gunia moja, akamwambia kijana alale kifudifudi juu ya la pili ili alikinge kwa mwili wake. Yote haya yalikuwa kwenye sentensi mbili au tatu zenye urefu wa kupita kiasi, nyakati zimechanganyika, mjomba mara ni «he» mara ni «she», na kila mahali lile umbo letu la «my uncle he carry». Ukurasa ulirudi mwekundu kuanzia juu hadi chini. Alama, 4.

Insha iliyofuata nilimrudishia mimi. Mjomba ana baiskeli. Baiskeli ni nyeusi. Ninaipenda baiskeli. Mjomba ni mtu mzuri. Mistari minane ya namna hiyo, misafi, haina doa. Alama, 7. Mwalimu wa darasa, ambaye sina neno baya juu yake kwani alikuwa na watoto zaidi ya mia na chaki anajinunulia, alifurahi: angalau sasa haandiki makosa. Mimi nilimvuta kijana nje wakati wa mapumziko nikamuuliza kwa Kiswahili, ile mvua na gunia vimekwenda wapi?

«Ticha,» akaniambia, «maneno mengi yanaleta nyekundu.»

Hakuwa na kinyongo. Alikuwa amefanya hesabu yake akaona inalipa, na kwa kweli ililipa, kutoka 4 hadi 7. Sisi ndio tuliokuwa tumemfundisha, kwa alama zetu wenyewe, kwamba anayesema machache katika lugha ya watu hufanikiwa zaidi.

Kule Mbarara nilikuta pia ugomvi maarufu wa wataalamu juu ya jambo hilihili. Mwaka 1996 John Truscott aliandika makala akidai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii, tena kunadhuru, na heri kuachwe kabisa. Moja ya hoja zake ni kwamba mwanafunzi hupunguza na kurahisisha maandishi yake ili kuyakwepa masahihisho. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba ameharakisha kuhukumu, kwani yako makosa yanayotibika, yale yenye kanuni ambayo mwanafunzi anaweza kuonyeshwa: nyakati za vitenzi, umoja na wingi, upatanisho wa kitenzi na mtendaji. Yako mengine yasiyo na kanuni ya kushika, kama kuchagua neno lisilofaa au sentensi iliyokaa kigeni, na hayo mstari mwekundu peke yake hautayaponya. Wenzangu darasani walitaka kujua mshindi ni nani. Mimi naona Truscott alimwona yule kijana wa baiskeli, na Ferris aliwaona wale watoto wengine wanaokuja kuniuliza, «Ticha, hapa ningesemaje?» Wote wawili wana haki, ila sidhani kama kuna aliyewahi kusahihisha madaftari tisini chini ya bati wakati wa mvua ya mwezi wa nne.

Nilipopata darasa langu mwenyewe, sasa katika sekondari, nilianza na jambo dogo. Insha nikiisoma mara ya kwanza siiwekei alama. Ninaandika chini swali moja, kwa Kiingereza chepesi, juu ya jambo ambalo kweli nataka kulijua. Si swali la mtihani. Mtu akiandika kwamba bibi yake alikuwa mkunga, nauliza malipo yalikuwa nini, pesa au kuku. Ukweli ni kwamba mwanafunzi hawezi kulifumbia macho swali. «Good work» anaipita kama anavyopita bango la matangazo, lakini swali linamwasha. Atajibu, na kujibu kwenyewe ni kuandika tena, na anapoandika tena ndipo namuonyesha kosa moja la aina moja.

Aina moja, si zaidi. Hapo ndipo kazi ya kujua watoto wanatoka wapi inapoingia. Watoto wetu wa Kiswahili, na vilevile wenzao Wanyankole na Waganda na Wanyarwanda, wanachanganya «he» na «she» kwa sababu katika lugha zetu za Kibantu mtu ni mtu, jinsia yake haingii kwenye kitenzi wala kwenye kiwakilishi. Mtoto wa Kisomali aliyekaa dawati hilohilo kosa hilo halimsumbui sana, kwani lugha yake inatenganisha mwanamume na mwanamke. Yeye atakuandikia b mahali pa p, maana kwao p haipo. Ukiwapigia wote mstari uleule ukawaambia wawe makini, umewaambia nini? Mtoto hawezi kuwa makini na kitu ambacho sikio lake halijakisikia. Kwa hiyo wiki ya «he» na «she» ni ya kundi moja, na kundi jingine lina shughuli yake. Zile «a» na «the» nimeziacha zikae. Lugha yetu haina kitu cha namna hiyo, huchelewa kuliko vyote kukomaa, na nimewasikia watu wenye digrii, mimi nikiwamo, tukiziweka kwa kubahatisha.

Tena siandiki jibu sahihi juu ya kosa. Nalipigia mstari tu. Nikimwandikia jibu atalinakili bila kufikiri, na wino wangu utakuwa umefanya kazi iliyokuwa yake yeye.

Kuna insha moja ya S2, mwaka wa pili wa sekondari, ambayo hunijia kila nikizungumza haya. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka wanafunzi wapewe kazi zinazofanana na maisha, zile tunazoziita AOI (Activity of Integration). Nikawapa kazi ya kumwandikia komandanti wa makazi barua juu ya shida moja ya mtaani kwao. Binti mmoja akaandika juu ya bomba la maji lililokatika. Barua yake ilianza kwa salamu: natumaini u mzima wewe na familia yako, sisi huku hatujambo, mvua zinanyesha vizuri, tunamshukuru Mungu. Aya nzima. Halafu aya ya pili, kujitambulisha yeye, mama yake na kanisa lao. Bomba lilikuja kuonekana chini kabisa, karibu na sahihi.

Mwalimu mwingine angepiga mkwaju ile aya ya kwanza akaandika pembeni kwamba haihusiki. Lakini inahusika. Mimi mwenyewe nikimwandikia mkubwa kwa Kiswahili siwezi kumrukia na shida yangu kabla ya kumjulia hali. Huko ni kukosa adabu, na huyo binti amelelewa vizuri. Nilimwita mezani nikamuuliza kwa Kiswahili: «Mama, huyu komandanti ana barua hamsini mezani, na gari linamsubiri nje. Atasoma mistari mitatu. Unamchagulia ipi?»

Alikaa kimya akiisoma barua yake kama ya mtu mwingine. Kisha akaweka kidole mahali alipoandika kwamba tangu bomba likatike watoto wanachota maji ziwani. Halafu mahali pengine, palipotaja ni bomba gani, lile la karibu na zahanati. Halafu akaniuliza, «Na salamu?» Nikamwambia aamue yeye. Barua iliporudi, salamu ilikuwa sentensi moja na bomba lilikuwa linaifuata hapohapo. Makosa ya nyakati yalikuwamo bado, na sikuyagusa. Ilikuwa barua ambayo mtu angeweza kuifanyia kazi.

Mazungumzo yale tuliyafanya kwa Kiswahili, na hilo lina watu wasiolipenda. Ziko shule nchini humu ambamo mtoto akikutwa anasema lugha ya nyumbani huvishwa kibao shingoni hadi ampate mwenzake wa kumpokeza. Kwamba Kiswahili kimeandikwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na kwamba mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, hakujamfikia anayetunza kibao. Mimi nasema hivi: kuandika ni Kiingereza, kufikiri juu ya ulichoandika ni kwa lugha yoyote inayofikiri haraka. Binti yule asingeweza kujadiliana nami juu ya komandanti na gari lake kwa Kiingereza cha S2. Angeitikia tu «yes, teacher».

Wazazi waliniletea shida kubwa kuliko walimu. Mzee mmoja, fundi cherehani anayetoka Masisi, alikuja shuleni na daftari la mwanawe limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe.

«Mwalimu, shikamoo kazi. Nimekuja na swali, usinichukie.»

«Karibu, mzee. Siwezi kukuchukia.»

«Hapa mtoto ameandika vibaya. Hata mimi wa Kifaransa nakiona. Wewe hukukiona?»

Nilimwambia nimekiona. Akataka kujua kwa nini basi sikukipiga nyekundu. Nikamfungulia daftari kutoka mwanzo, insha kwa insha, nikamuonyesha mahali swali lilipo na jibu la mwanawe chini yake, nikamuuliza kama mwanzoni mwa mwaka mtoto huyu angeweza kuandika ukurasa mzima. Akakubali kwamba asingeweza. Lakini hakuondoka ameridhika, na sitasema aliridhika. Alisema, «Sawa, mwalimu, lakini weka hata kidogo.» Na nikikaa kufikiri namwelewa. Mtu ambaye hasomi Kiingereza hana njia nyingine ya kujua kama mwalimu amefungua daftari, na amelipia daftari hilo kwa mishono.

Na DOS je? Tulifikia mapatano baada ya vuta nikuvute. Kila insha ina tarehe mbili na sahihi mbili. Ya kwanza ni ya kusomwa, ina swali na mistari michache. Ya pili ni ya insha iliyoandikwa upya, hiyo ina alama. Mkaguzi akija anaona kazi imeguswa mara mbili, anafurahi kuliko zamani. Madaftari yote siwezi kuyasoma hivyo kila wiki. Nachukua safu moja ya madawati kila juma, na safu nyingine wanasomeana wao kwa wao, wakiulizana maswali. Kusahihishana sarufi nimewakataza, kwani nimeona mtoto mwenye sauti kubwa akimfutia mwenzake sentensi iliyokuwa sahihi.

Mtaala mpya ungeweza kutusaidia hapa. Tathmini ya darasani sasa ina asilimia 20 ya alama za mwisho, na kundi la kwanza lilifanya UCE, mtihani wa taifa wa mwisho wa S4, mwaka 2024. Walimu tunatakiwa tuandike maoni, si namba peke yake. Kilichotokea katika shule nyingi ni kwamba maoni yenyewe yamegeuka namba. Kuna orodha za maoni yaliyokwisha kutungwa zinazozunguka kwenye WhatsApp: mwenye kiwango cha kwanza andika hivi, cha pili hivi, cha tatu hivi. Unanakili. Nimeona ripoti za watoto arobaini wenye vipaji tofauti kama mchana na usiku, wote wameambiwa neno lilelile. Simlaumu mwalimu mwenye mikondo minne, lakini basi tusiyaite maoni.

Nakuja kwa S4, mahali ninapobadilika. Muhula wa tatu ukifika, na UCE iko mlangoni, naitoa kalamu nyekundu na kuweka alama kwenye kila kitu, na «a» na «the» pia. Wanafunzi wenyewe ndio walionidai. Kiongozi wa darasa alisimama akasema kwa heshima zote kwamba mtahini wa Kampala hatawauliza maswali juu ya bibi zao, atahesabu makosa, na wao wanataka kuyaona yote kabla hajayaona yeye. Nikawapa sharti moja, kwamba kabla sijarudisha insha kila mtu aandike nyuma ya daftari alama anayodhani atapata na makosa mawili anayoyashuku. Wengi hukisia karibu kabisa. Waliozoea kuulizwa tangu S1 wanastahimili wino ule vizuri, wanaupitia mstari kwa mstari na kubishana nami. Wanaohamia kwetu S3 kutoka shule nyingine ndio wanaonipa kazi: wanafungua, wanatazama duara la chini, wanafunga. Hao nawaanzia upya na maswali hata kama ni mwezi wa tisa, na DOS anajua, na hasemi kitu.